Somo la Kwato

Alhamisi, chuo kimefungwa, wamekuja saba.
Nimewaambia: fimbo zote ukutani.
Sita zimewekwa. Ya Fumo ingali mkononi,
kijiti kibichi cha mkoko, ameambua gome kwa meno.
"Mwalimu, si tulikuja kupanda?"
Mtapanda.
Ila kwenye ua huu anayetaka kupanda
huanza kwa kuinama.

Huyu anaitwa Zumari. Mkilala Langoni
mtajua alfajiri kwa nini.
Amebeba mawe, mchanga, boriti, mitungi ya gesi,
hata kabati la arusi la dada yake Lali.
Nyumba ngapi za Amu zimepita mgongoni mwake,
na hakuna hata moja aliyoambiwa karibu.

Usimwendee kwa nyuma. Si ukorofi wake,
hata wewe ungeshtuka.
Njoo ubavuni. Taja jina lake kwanza.
Gusa bega, shusha kiganja polepole
mpaka kwenye kifundo, kisha mwombe mguu.
Ndiyo, Shekuwe, nimesema mwombe.
Usiuvute kama ndoo ya kisima.
Mwegemee kidogo. Ngoja.
Ngoja, mwanangu.
Ehe.

Mnaona? Kwato ina bonde kama kifuu,
na hapa kati pana pembetatu laini kama ufizi.
Hiyo usiichome. Chokoa pembeni,
kutoka kisigino kwenda nchani, usirudi nyuma.
Kinachotoka kiweke chini tukione:
mavi makavu, kokoto, gamba la kaa,
kizibo cha soda.
Kizibo, Lali!
Miezi mingapi amekikanyaga
chini ya saruji ya baba yako,
nanyi mkimwita mvivu?

Nilipokuwa wa umri wenu nilijua methali mbili.
Shukrani ya punda ni mateke.
Afe punda, mzigo ufike.
Ya kwanza ilinipa fimbo.
Ya pili ilinipa ushindi.
Siku ya mashindano nilikuwa mwepesi kuliko gunia la mkaa,
na Tufani alikuwa na donda chini ya shogi,
dogo, kama shilingi.
Nililifunika kwa kitambaa, nikapanda.
Tukafika wa kwanza. Watu wakaniinua mabegani,
wakanitia mashada ya asumini,
na yeye akabaki pale kwenye bendera
akinywa maji ya kuoshea vikombe.
Donda likawa la ukubwa wa kitanga.
Usiku wa nne alijilaza kichochoroni.
Asubuhi majirani walilalamika
kwamba njia imezibwa.

Hakunipiga teke hata moja.
Nilingoja. Nilikaa karibu na miguu yake makusudi.

Basi. Nani ana swali?
Mwanasomo, ambaye hasemi kamwe, amenyoosha kidole:
"Huyu Zumari anajua kwamba unajuta?"
Sijui, binti yangu.
Anajua kiganja tu. Kwamba ni kizito, ni chepesi,
kwamba kina haraka.
Lete brashi. Fuata laini ya manyoya.
Ukifika mgongoni, tumia vidole badala ya macho:
palipo na moto pana jambo,
na palipo na jambo hakupandwi leo,
hata mgeni akilipa mara mbili.

Mgongo huu ni mzima. Wote mmeugusa?
Haya, Fumo, juu.
Si hapo, hapo pana figo.
Legeza magoti. Hatamu si kamba ya kuanikia,
ishike kama unavyoshika mkono wa bibi yako barabarani.
Tazama mbele, ukitazama chini mtakwenda chini.
Sasa mwambie twende. Kwa mdomo!

Wanakwenda.
Mpaka kwenye mkomamanga, wanageuka, wanarudi,
Fumo amekaa wima kama kadhi, hapumui.
Anashuka, anampapasa shingo, anaangaza huku na huku.
"Mwalimu, fimbo yangu iko wapi?"

Sita ziko ukutani.
Zumari anatafuna kitu pembeni mwa mdomo,
chembamba, kibichi,
na wala hana haraka.